Eti reki imekufa! Yaliyonikuta gereji na stelingi inayovuja

Nyota mbili. Ningetoa tatu, maana hao hao ndio walionibadilishia brekipadi kipindi fulani na kazi ilikuwa safi, na dada wa mapokezi ana adabu zake. Gereji iko hapa hapa Mwanza, ina viti vya kukalia na maji ya kunywa ya baridi. Jina siliandiki. Lakini fundi wao mkuu, jamani!

Mimi nauza dagaa, kazi yangu iko Mwaloni, Kirumba. Anayepajua pale anajua ukigeuza gari unageuza katikati ya mikokoteni na wapagazi wenye magunia kichwani, wote wanakupigia kelele upishe. Usukani ukiwa mgumu unaweza kumvunja mtu mguu. Sasa Carina yangu ikaanza kulia kila nikikata kona, mluzi mwembamba unaotoka upande wa pampu ya stelingi, asubuhi ndiyo zaidi. Ninapolaza gari nikakuta doa jekundu. Oili ya injini ingekuwa nyeusi au kahawia, na maji ya rejeta hayatelezi vile ukiyashika. Hii ilikuwa haidroliki, ATF, ile oili ya pawa stelingi. Nikafungua kopo lake: imeshuka chini ya alama, na juu imejaa mapovu. Pampu ilikuwa inavuta hewa, ndiyo maana inalia.

Nikawapelekea nikiwa nimeshawaeleza yote hayo. Fundi mkuu akainama, akamulika chini kwa simu, boneti hakuligusa. "Reki imekufa." Yaani kile chuma cha chini kinachosukuma magurudumu yakate kona. Umejuaje? "Si unaona ilivyolowa?"

Nikamwambia, fundi, reki iko chini, chochote kinachovuja juu yake lazima kiishie hapo hapo. Mbona hujaosha kwanza tukaona kinakotokea? Akamtazama mwenzake, wakacheka. Halafu akanigeukia kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto: "Mama, haya mambo mazito. Kamlete baba tuongee naye."

Baba yupi? Kadi ya gari ina jina langu. Mafuta natia mimi, bima nalipa mimi. Mume wangu ni mwalimu, mtu mwema sana, hajui hata boneti linavutiwa wapi, na tukipata pancha mimi ndiye nashika jeki yeye ananishikia tochi. Ningemleta huyo aje kuongea nini?

Walitaka laki nne na nusu kwa reki ya mtumba, ufundi bado, na kupima magurudumu bado. Hela haikuniuma kama lile neno. Na kijana mmoja pale, wakati naondoka, akataka kuniongezea kopo kwa oili ya breki ili "nifike nyumbani". Oili ya breki kwenye pawa stelingi! Inaharibu sili zote, zile raba za kuzuia oili isitoke, kisha hapo kweli reki ingekufa. Nyota moja na nusu.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa chini ya mti, Pasiansi. Nikamsimulia, hakunijibu. Alichukua brashi na maji ya sabuni akasugua kuanzia kwenye pampu hadi chini kwenye reki, akapuliza kwa upepo mpaka pakauka, akajaza ATF. Akamweka kijana wake kwenye usukani: kata kushoto, kata kulia, ukifika mwisho usishikilie, utaua pampu. Yeye akapiga magoti na tochi. Baada ya muda akaniita, "Njoo mama, uone mwenyewe."

Nikaona. Kwenye mpira wa presha, ule unaotoa oili kwenye pampu kuipeleka kwenye reki, pale chuma kinapoubana, palikuwa panatoka jasho jekundu. Likajikusanya likawa tone, likateleza kufuata paipu, likasita kwenye kona, halafu likadondoka juu ya reki, pale pale alipomulika yule bwana. Mzee hakuridhika. Akalegeza klipu ya ule mpira wenye mikunjo mwishoni mwa reki, akaniambia nitie kidole. Grisi kidogo, basi. Sili za reki zingekuwa zimekufa, oili ingejaa humo ndani. Upande wa pili hivyo hivyo, pakavu.

Nikamuuliza kama tunaweza kukata tu na kufunga mpira wa kawaida kwa klipu. Akanikazia macho. Wa kurudishia oili, sawa, hauna presha. Huu wa presha, tairi yako haifiki hata psi 40, huu ukikata usukani hadi mwisho unapita psi 1,000. Ungefyatuka, na oili ikimwagikia ekzosi ya moto inawaka. Tukaupeleka kwa wanaobana mipira ya mitambo, wakauweka mpya kwenye vyuma vyake vile vile, mzee akaufunga kwa washa mpya, zile pete za shaba. Akainua mbele kwa jeki, akazungusha usukani injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yakaisha. Ndipo akawasha. Kimya! Jumla yote haikufika elfu themanini, na mpaka leo ninapolaza gari pako pakavu.

Wale wa gereji walinipigia simu baadaye, reki imepatikana, nije lini? Nikawaambia baba hajapatikana. Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi.

Mzee naye asikudanganye mtu kuwa ni malaika. Risiti hana, mvua ikinyesha anafunga, na ukimharakisha anakurudishia funguo zako. Nenda asubuhi mapema, na ATF nunua mwenyewe.