Baga za Mbeya, za Dar na za Lusaka: nimekula, nimepima, maoni yangu haya hapa

Baga tamu kuliko zote nilizokula kwa hela yangu imetoka Mbeya, kwenye mgahawa mdogo upande wa Forest. Baga mbovu kuliko zote nayo imetoka Mbeya, tena siyo mbali na hapo. Wale wakubwa wenye matawi kila mji wamekaa katikati. Kila nikisema hivyo mbele ya mawifi zangu wa Dar naambiwa napendelea kwetu, kwa hiyo leo naeleza kwa kirefu.

Mimi nauza vipodozi Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mzigo naufuata Kariakoo, na mara mojamoja navuka Tunduma hadi Lusaka. Nikimaliza kuzunguka nakula, na siku hizi nakula baga, ugonjwa nilioambukizwa na binti yangu wa kidato cha pili. Nyumbani naoka keki za watu, mizani ya jikoni ninayo, basi baga nikiibeba naifungua na kupima nyama yake. Chekeni tu. Mkate umefunika juu, saladi imejaa pembeni, sosi imemwagika kote, utajuaje ulicholipia kama hujafunua?

Kwenye bei nina kipimo changu. Gazeti la The Economist la Uingereza tangu mwaka 1986 linatumia bei ya Big Mac kulinganisha fedha za nchi mbalimbali. Sisi McDonald's hatuna, na majirani zetu Zambia hawana, kwa hiyo mimi natumia chipsi mayai. Ninapokula mimi Mafiati, hapahapa Mbeya, sahani ya mayai mawili na kachumbari ni 3,500. Kila baga naigeuza kuwa sahani: hii ni sahani mbili, hii ni tatu, hii ni tano. Ikishavuka tatu inabidi inipe sababu.

Naanza na KFC ya Dar, maana ndiyo watu wa huku wanaoniulizia nikirudi. Kwanza mjue pale mnakwenda kula kuku. Baga yao inayosifiwa, Zinger, ni mnofu wa kifua cha kuku uliowekwa viungo vikali, ukapakwa unga na kukaangwa kwenye mafuta mengi, halafu saladi na mayonezi. Ukiuma inalia. Ndani kuku bado ana maji yake, na pilipili inakuja taratibu ukiwa umeshameza. Tawi nililoingia juzi na lile nililoingia mwaka jana, ladha ni ileile, na hicho ndicho kitu unachokinunua kwa kampuni ya namna ile. Mgeni aliyechoka na jua la Kariakoo hataki kubahatisha. Ila mlo kamili, yaani baga, chipsi na soda, mara ya mwisho ulinitoka zaidi ya sahani nne za Mafiati. Kwa utamu sina neno. Kwa shibe, nilipofika Mbezi kupanda basi nilikuwa natafuta mahindi ya kuchoma.

Hapo kwenye chipsi niwekeni kando kidogo, maana mtu wa Mbeya ukimgusa viazi umemgusa pabaya. Januari 2022 KFC za Kenya ziliishiwa chipsi. Zikaishiwa chipsi katika nchi inayolima viazi! Ikabainika kwamba viazi vyao vilikuwa vinakuja kwa meli kutoka nje, meli zikachelewa, na wakulima wa kule wakapandisha hasira mpaka watu wakatangaziana kususia. Kampuni ikajibu kwamba mzalishaji lazima apite kwenye ukaguzi wao wa ubora kwanza. Nikiwa mfanyabiashara naielewa hoja yao: wanataka kiazi cha urefu mmoja, kilichokatwa na kugandishwa, kinachotoka na rangi moja mwaka mzima. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali kinageuza wanga wake kuwa sukari, na ukikikaanga kinakuwa cheusi kabla hakijaiva ndani. Mkaangaji wetu wa kibandani halijui hilo kwa maneno ila analijua kwa mkono, ndiyo maana viazi vyake vimetoka Umalila au Isongole juzi tu, gunia la lumbesa limeegemea ukuta na udongo bado umeshika. Chipsi za kugandishwa ni nzuri kwa dakika tano za kwanza. Za kwetu zikipoa bado zinalika. Mimi kwenye chipsi sijaona kampuni ya kuishinda Mbeya, na sitarajii kuiona.

Lusaka ni habari nyingine. Wenzetu wale wamezoea migahawa ya Afrika Kusini, na ukiwa na njaa na kwacha chache unaingia Hungry Lion. Kampuni hii ilianza Afrika Kusini mwaka 1997, kazi yake kubwa ni kuku wa kukaanga, na baga zake ni za mtu wa kawaida: mkate, kuku, sosi, kwaheri. Foleni yake ina makondakta, wanafunzi na akina mama wenye watoto mgongoni, na hiyo peke yake inakueleza bei. Nikizigeuza kwacha kuwa shilingi, napata kama sahani mbili na nusu, na nashiba. Kama ni thamani ya hela tupu, kati ya hawa wakubwa nampa huyu.

Nikiwa na hela kidogo zaidi naingia Steers, hao wa nyama ya ng'ombe. Nyama yao inachomwa juu ya mwali wa moto, na ule moshi unausikia kabla sosi haijakufikia ulimini. Binti yangu nilimbebea moja siku nilipopata lifti ya usiku. Ilifika Mbeya imelala kabisa, na aliila yote akiwa amesimama.

Sasa kuna kampuni moja ya matawi, siitaji na wala sisemi ni mji gani, iliyonikera. Picha ukutani inaonyesha baga ndefu, nyanya nene, saladi imekunjamana vizuri. Niliyoletewa ilikuwa bapa, chizi imeshikana na karatasi, nyanya ya unene wa ngozi ya kitunguu. Nilipomwuliza kijana wa kaunta akanijibu kwa heshima zote, "Mama, ile ni picha." Nikakosa la kusema. Nyama ilikuja gramu 41 ikiwa imeshapikwa. Kwa kulinganisha, Big Mac ya Marekani ina vipande viwili vya kama gramu 45 kila kimoja kikiwa kibichi, na Whopper ya Burger King ni takriban gramu 113, robo ratili, nayo ikiwa mbichi. Nyama ya kusaga ikipikwa hupungua kama robo ya uzito wake, basi piga hesabu mwenyewe. Ukiona kipande kilichoiva kina gramu 80 na kitu, hiyo ni robo ratili ya haki.

Mbeya yenyewe imegawanyika. Vibanda vya chipsi vilivyoongeza baga kwenye ubao ninaviheshimu kwa juhudi ila sivishauri. Wanachukua skonsi ya dukani yenye sukari, wanaikata, wanaweka yai la kukaanga, soseji iliyopasuliwa, kabichi na tomato sosi. Ni 3,000, ni chakula, mwanafunzi wa chuo analala vizuri. Ila kwa bei hiyo mimi naongeza mia tano nakula chipsi mayai na roho yangu inatulia.

Ile mbovu niliyoitaja mwanzoni ipo kwenye ukumbi wenye taa za rangi, viti vya ngozi na menyu yenye jalada gumu. Ni 14,000, yaani sahani nne kamili. Tulisubiri mpaka binti akamaliza soda mbili. Nyama ilikuwa imechanganywa na unga wa mkate, karoti na kitunguu kingi, ukiikata inameguka kama kababu iliyokaa, na katikati ilikuwa ya baridi. Imetoka kwenye friji ikapita kwenye maikrowevu, hilo halihitaji mtaalamu. Kubandika nilibandika kwenye mizani kipande kile: gramu 58, na sijui ngapi kati ya hizo zilikuwa ng'ombe. Nyama ya kusaga isiyoiva ndani simpi mtoto, maana wadudu wa juu ya nyama mashine imeshawasambaza mpaka katikati. Niliirudisha. Wakaniletea tena ileile, safari hii ya moto. Na bili ikaja na chaji ya huduma.

Kwa nini kule Forest ni tofauti? Nimekaa pale kaunta nikamwangalia kaka anayepika, na hana siri, anajibu kila unachouliza. Ng'ombe wetu wengi wanaishi kwa majani na kutembea, nyama yao haina mafuta mengi, na nyama kavu ikisagwa na kuchomwa inakuwa mbao. Kwa hiyo buchani anaomba wamsagie nyama ya mkono pamoja na mafuta ya kifuani, kadiri ya sehemu nne kwa moja. Hachanganyi kitu. Anaviringa donge, analitupa kwenye bamba la chuma lililokolea moto, analikandamiza mara moja kwa nguvu, anatia chumvi na pilipili manga, anaacha. Chini panatokea ukoko wa kahawia, na ladha yote iko kwenye ukoko huo. Akigeuza anaweka chizi ya Njombe juu ili iyeyuke hapohapo. Mikate anaagiza kwa mama mmoja jirani, haina sukari nyingi, na anaipasha upande wa ndani kwa siagi ili sosi isiilowanishe. Halafu anakata parachichi la Tukuyu vipande vinene. Sosi ni Dabaga ya Iringa, ile ya pilipili, na kitunguu kibichi kilichooshwa kwa chumvi.

Nyama yake iliyoiva ilinipa gramu 96. Bei 9,000 pamoja na chipsi, sahani mbili na nusu na kidogo. Yaani bei ya Hungry Lion, na nyama inayoizidi robo ratili ya Whopper ikishaiva. Parachichi huko Ulaya wanalinunua kwa bei ya kuumiza, hapa linatupwa ndani ya baga bila hata kutangazwa kwenye menyu. Nilipomwambia aandike kwenye ubao, akacheka na kunishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo mama, lakini msimu ukiisha je?"

Kasoro zake anazo. Umeme ukikatika anahamia jiko la gesi dogo na foleni inafika barabarani. Sosi wakati mwingine anaizidisha, ukivaa nguo nyeupe umekwisha. Na ladha inapanda na kushuka kidogo: siku buchani wamemsagia vizuri ni asali, siku mafuta yamepungua unahisi. KFC haikufanyii hivyo. Anayetaka kitu kilekile kila siku aende kwa wakubwa, simlaumu. Mimi nimezoea kula kwa mtu ninayeweza kumwambia "leo nyama imekauka" akanisikia.

Iringa sina mengi. Nimekula baga moja ya kuku mjini, ya wastani, chipsi nzuri sana. Zile za kwenye boksi zinazouzwa basi linaposimama mnapochimba dawa, dakika kumi na honi inalia, ziacheni. Chukueni kuku wa kukaanga, angalau unamwona.

Jambo la mwisho ni baridi. Juni na Julai Mbeya usiagize baga ya bodaboda kutoka mbali. Mafuta yanaganda njiani, chizi inakuwa plastiki, na utamlaumu mpishi bure. Kula palepale, kaa karibu na jiko. Yule wa Forest hafungui Jumapili, na siku nyingine nyama inamwishia saa mbili usiku au kabla. Mwambieni aweke kitunguu kidogo kama mna mkutano asubuhi, na parachichi ombeni wenyewe, asipoulizwa siku hizi anasahau.