Miaka miwili "Lopitali": uzoefu wangu

Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nianze kununua kwenye duka lile, mama mkwe wangu akapiga simu kutoka Likasi. Aliyepokea ni mtoto wangu wa tatu. Mama yuko wapi? "Ameenda lopitali." Anaumwa nini? "Sijui, alibeba mifuko miwili." Basi. Kufika saa kumi jioni upande wote wa mume wangu ulishajua nimelazwa, na shemeji mmoja alishuka na manseba, pikipiki ya abiria, mlangoni kwetu Katuba hapa Lubumbashi, mkononi ana juisi na ndizi za mgonjwa. Alinikuta nimekaa chini nahesabu makopo ya nyanya.

Lopitali ni magazini, yaani duka. Jina lake halisi limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango na sitalitaja, kwa sababu huko mbele nina malalamiko, na pia kwa sababu hakuna mtu anayelitumia. Sisi tunaiita Lopitali, yaani hospitali, kwa vile karibu kila kitu mle ndani kina jeraha. Makatoni yamezungushiwa skochi kama bandeji. Makopo yamebonyea. Kuna chupa za mafuta zisizo na karatasi, na biskuti zilizobakiza mwezi mmoja na nusu wa kuishi. Wateja nao wameshazoea lugha ya pale. Utasikia mtu anamwonyesha mwenzake kopo la maharage, "Huyu amevunjika mguu, chukua," na mwingine mbele ya biskuti, "Hawa wako na siku kidogo, tuwahi."

Vitu vingi vinatoka Zambia na Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, kilomita kama 90 kutoka hapa Lubumbashi. Anayejua foleni ya malori ya pale mpakani hahitaji kuelezwa majeraha yanatoka wapi. Lori likikaa siku kadhaa juani, katoni ya chini inabeba uzito wa wenzake wote, na mwenye mali akifika mjini anakuta magazini za katikati ya mji hazitaki sabuni iliyopinda. Lopitali wanaitaka.

Nianze na yale ninayoyasifu, maana sijarudi pale miaka miwili kwa ujinga. Spageti ya gramu 500 ambayo kwenye kioski cha jirani nainunua faranga 1,800, pale naichukua kwa 1,200. Ukiifungua unakuta nusu imevunjika vipande, na kwa watoto wangu hilo ni baraka, maana huwa naivunja mwenyewe kabla ya kuitia chunguni. Nyanya za kopo dogo ni 300 badala ya 500. Sabuni ya mche, chumvi, sukari iliyomwagika ikafungwa tena, viberiti, pampasi zilizopasuka mfuko wa nje: hivi vyote nachukua bila kufikiri mara mbili. Sabuni haiozi. Nimewahi kununua miche ishirini iliyogandana kama tofali, nikaitenganisha kwa kisu siku ya Jumapili, nikawapa na wifi zangu.

Kwa makopo nina sheria niliyofundishwa na mama mmoja mwenye mgahawa Kamalondo tuliyekutana naye hapo hapo kwenye rafu. Kopo lililobonyea ubavuni halina neno. Lililobonyea kwenye mshono, pale bati linapoungana, unaliacha. Na lililovimba juu au chini, hata wakikupa bure, usilipeleke nyumbani, kwa sababu ndani mna kitu kinatengeneza hewa. "Wa kuvunjika muguu anapona," aliniambia, "wa kuvimba tumbo hapana."

Samaki sinunui. Tomsoni wao, wale samaki wa kugandishwa, wanawekwa kwenye friji kubwa mbili karibu na mlango, na umeme wa mtaa ule unakatika kama wa mitaa yote. Angalia chini ya katoni: ukiona barafu imeganda kama kioo na samaki wamejikunja wote upande mmoja, ujue waliyeyuka wakagandishwa upya. Mimi tomsoni nanunua asubuhi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwa mama anayefungua katoni mbele yangu.

Unga nao ni habari nyingine. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia na bei ya unga ikapanda huku kwetu, Lopitali walileta mifuko ya kilo 25 iliyopasuka njiani ikashonwa tena kwa uzi wa buluu. Bei ilikuwa tamu. Nilibeba mmoja. Nyumbani moyo haukutulia, nikaazima meka ya jirani, kile chombo cha kupimia unga. Kwa meka ya kilo mbili na nusu, kilo 25 inatakiwa kutoa meka kumi. Nilipata tisa na kidogo. Nikapiga hesabu kwenye mgongo wa daftari la mtoto: kwa meka, nilikuwa nimelipa karibu sawa na sokoni, na sokoni mama muuza unga angeniongezea matabishi, mkono mmoja uliojaa juu ya meka. Lopitali hawana matabishi. Tangu siku ile unga wa bukari, ugali wetu, nyumbani kwangu unatoka sokoni. Najua na huko wapo wanaosukuma tako la meka lirudi ndani ili ishike kidogo, lakini yule ninamwangalia machoni anapopima.

Mafuta ya kupikia ni katikati. Chupa wanayouza kama ya lita moja, mara nyingi ni mililita 900. Imeandikwa, hawajaficha, ila nani anasoma maandishi ya chini wakati nyuma yake kuna watu kumi na mtoto mgongoni?

Sasa yale maneno ya watu, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Mfuko wa Lopitali ni wa njano, unaonekana kutoka mwanzo wa avenue. Nimeona wanawake, tena wenye heshima zao, wakisimama pembeni ya mlango na kuugeuza ndani nje kabla ya kuingia barabarani. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilikuwa naweka ule mfuko ndani ya mfuko mweusi. Jirani yangu akaniuliza mbele ya watu, "Yaya, ile mufuko umetosha wapi?" Yaani nimeutoa wapi. Nikamjibu nimetoka Kasumbalesa. Uongo mtupu, nimevaa ndara. Na huyo huyo kesho yake akanieleza kwa sauti ya chini bei ya sukari ya Lopitali mpaka faranga ya mwisho, bila mimi kumuuliza.

Wapo wanaosema, "Bile bintu ni bya kutupwa, bitakuuma mu tumbo." Wapo wanaosema ni chakula cha watu wa Annexe, mtaa wa pembeni mwa mji, kana kwamba Annexe watu wana matumbo ya chuma. Na wapo wanaosifu kupita kiasi, kwao kila kitu cha pale ni bahati, hata kisicho na tarehe. Nikisikiliza pande zote naona hakuna anayeuliza swali ambalo ningeuliza kwanza: bei imeshuka kwa sababu gani?

Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Brussels, na ndiye aliyenitia swali hilo kichwani bila kujua. Nilimwambia kwa simu kwamba na sisi tumepata Aldi yetu, kama lile duka la bei rahisi la Ulaya. Alicheka sana. Alipofika kule mwanzoni, anasema, Wakongo wenzake walikuwa wanahamisha vitu vya Aldi kwenye mfuko wa magazini nyingine kabla ya kwenda kumsalimia mtu. Kumbe mfuko wa njano una ndugu zake Ulaya. Lakini akanieleza jinsi duka lile linavyofanya kazi. Vitu vinabaki ndani ya katoni vilivyokuja nayo, hakuna mtu anayelipwa kuvipanga moja moja kwa urembo. Aina za sukari ni moja au mbili, si kumi. Vingi vina jina la duka lenyewe, hulipii matangazo ya mtu. Kigari unakifungua kwa kutumbukiza sarafu, kwa hiyo unakirudisha mwenyewe ili sarafu yako itoke. Mfuko unanunua. Walioanzisha mtindo huo ni ndugu wawili wa Ujerumani, Karl na Theo Albrecht, waliolichukua duka la mama yao mjini Essen baada ya vita. Jina Aldi, la mwaka 1962, ni Albrecht na Diskont, yaani bei ya punguzo, vimekatwa vikaunganishwa.

Ndiyo nikaona si ndugu kabisa. Kule bei iko chini kwa sababu wamepunguza gharama za kuuza, na unga wa wiki hii utaukuta wiki ijayo kwa bei ile ile, mzima. Lopitali bei iko chini kwa sababu kitu chenyewe kimepungukiwa: ama umbo, ama uzito, ama siku. Umbo silihitaji. Uzito naweza kupima. Siku ndizo zilizonitesa.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka huu. Maziwa ya unga, kopo la gramu 400, dola tatu. Mtoto wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi miwili. Kopo halikuwa na jeraha hata moja, na hapo ndipo ningeshtuka: mzima anafanya nini lopitali? Chini palikuwa na kibandiko cheupe, mwezi wa kumi na moja. Jioni nikiwa natafuta pa kuingiza kijiko, kidole kikagusa kona ya kibandiko. Ilikuwa imeinuka kidogo. Nikaivuta kwa ukucha, polepole, ikatoka na gundi yake, na chini yake kwenye bati palipigwa chapa kwa nukta nyeusi: mwezi wa tatu. Unga wa ndani ulikuwa wa njano kama mchanga wa mtoni, na ulishaanza kushikana. Sikuwa nimempa. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Msichana wa kwenye kasa, pale pa kulipia, ambaye hana kosa, aliniambia, "Mama, bintu bikishatoka hapa, haturudishe." Nikaweka kopo mbele yake, na kibandiko nimekibandika kwenye kiganja changu. "Mwanangu, weye ungepatia mtoto wako?" Akanyamaza. Akaenda kumwita shefu. Shefu alikuja anatabasamu, akasema kibandiko kilitoka huko huko kwa muuzaji wa jumla, wao hawajui. Pesa hakurudisha. Alinipa chupa mbili za mafuta, za mililita 900, nikazichukua, na makopo yote ya maziwa yale yakaondolewa kwenye rafu nikiwa nimesimama pale. Yalikwenda wapi, sijui. Hilo bado linaniuma kuliko dola tatu.

Tangu hapo tarehe nasoma kwa kidole, si kwa jicho. Kama pana kibandiko juu ya maandishi, naacha. Na najua sasa kutofautisha maneno mawili ya Kifaransa ambayo zamani niliyaona ni kitu kimoja. "À consommer de préférence avant" ni ushauri: biskuti ikipita siku hiyo inapoteza mlio na utamu, lakini haikuui. "À consommer jusqu'au" ni mpaka, na ukishavuka umevuka. Vya mtoto na vya maziwa sinunui tena pale kwa maneno yoyote.

Jambo la mwisho ni dola, na hili halionekani kwenye rafu. Karibu na kasa kuna kipande cha katoni chenye kiwango cha siku kwa kalamu ya wino mzito. Siku moja nililinganisha: wabadilishaji pesa wa barabarani walikuwa wanatoa faranga 2,300 kwa dola, katoni ya Lopitali inasema 2,200. Ukilipa dola 20 umeacha pale faranga 2,000, yaani spageti yako moja na zaidi ya nusu ya nyingine, na umefurahi kwamba umeokoa. Mwishoni mwa 2025, faranga ilipopata nguvu na dola ikashuka kutoka karibu 2,800 hadi chini ya 2,500, bei zao za faranga hazikusogea hata mia. Kwa hiyo nabadilisha kwanza nje, naingia na faranga, tena noti ndogo, la sivyo chenji yako utapewa bombo, yaani pipi.

Baba yangu nilimpeleka mara moja. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mpaka 2003, akaondoka pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Amekua na posho, unga wa kantini uliohesabiwa kwa ukubwa wa familia. Alitembea katikati ya makatoni mikono nyuma, akagusa mfuko mmoja, akauliza kwa uzito kabisa, "Hapa wanakata ku mushahara?" Nikamwambia hapana baba, hapa unalipa mwenyewe. Akatikisa kichwa, akachukua chumvi pakiti mbili, akaubeba mfuko wa njano begani, upande wa maandishi nje, mpaka nyumbani.

Kama nikipewa nyota tano za kugawa, nawapa tatu: sabuni na spageti zimepata zao, nyanya imepata yake. Wanaoshusha mzigo huwa wanafika Jumanne, na kufika saa nne vilivyo vizuri vimeshaondoka. Mama mkwe ameagiza miche kumi ya sabuni. Safari hii amempa mtoto maelezo mwenyewe kwenye simu: "Umwambie mama akienda lopitali, ile ya sabuni."