Nimeacha mkataba wa theluji, nimenunua Toro ya mtumba

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama nyumba yako iko huku viunga vya kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota hapa Marekani, una njia ya kuegesha magari mawili, na mgongo bado unakutii, usilipe kampuni mkataba wa kukuondolea theluji msimu mzima. Tafuta mashine ya kurusha theluji, hata ya mtumba kama hii Toro yangu. Mengine ni maelezo ya nilivyofika hapa, na karo niliyolipa si kidogo.

Tulihamia nyumba hii kiangazi cha 2022. Mume wangu anaendesha lori la masafa, wiki nzima yuko njiani. Mimi ni nesi wa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo theluji ni ya kwangu na kijana wangu wa miaka 13, ambaye ikianguka tu tumbo linaanza kumuuma. Tukanunua mabeleshi mawili ya plastiki, tukaona tumemaliza. Kumbe tumeingia na mguu mbaya: majira ya baridi yaliyofuata, 2022 kuingia 2023, Minneapolis ilipata theluji inchi 90 hivi, ya tatu kwa wingi tangu waanze kuweka kumbukumbu. Nililima ile njia kama shamba la mahindi. Ukimaliza palizi, nyasi zimeota tena.

Wageni hawajui kwamba theluji si moja. Ile ya Januari, baridi ikiwa kali kweli, ni kama unga wa ngano. Unaisukuma huku unawaza mambo yako. Ile ya mwanzo na mwisho wa majira imejaa maji, na beleshi moja ni kama kuinua ndoo. Hiyo ndiyo inayoangusha wanaume wa miaka 50 waliokaa ofisini mwaka mzima. Moyo haupendi baridi na kubeba mizigo kwa pamoja, na wengi hawapumziki mpaka wamalize. Ukibaki na beleshi, lipake mafuta ya kupikia kabla ya kuanza, theluji haitanata. Hilo nilifundishwa na jirani, mzee mmoja wa hapa hapa ambaye alinitazama mwezi mzima nikiteseka kabla ya kuamua kunihurumia.

Majira ya baridi ya pili nikasema hapana, nitalipa watu. Kampuni jina silitaji. Dola 480, zote mbele, Novemba hadi mwisho wa Machi. Mama yangu huko Kisii nilipomwambia alinyamaza kidogo kwenye simu.

"Theluji si ni maji?"

"Ndiyo, mama."

"Na jua likitoka?"

"Inayeyuka."

"Sasa wewe unalipia nini?"

Na mwaka huo jua lilikuwa upande wake. Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Krismasi ilinyesha mvua. Pesa yangu imeshaenda, na wale vijana wa lori wako kwao wamepumzika.

Kukosa theluji si kosa lao, hilo nalikubali. Kilichonichoma ni karatasi niliyotia sahihi bila kuisoma vizuri. Iliandikwa kwamba wanakuja theluji ikifika inchi 2. Inasikika vizuri, mpaka ianguke inchi moja na nusu Jumatatu, moja na nusu tena Jumatano. Hakuna anayekuja. Wewe unaikanyaga na gari asubuhi na jioni, inagandamana, na Alhamisi una barafu inayong'aa kama sakafu ya benki. Nikapiga simu. Binti wa ofisini, kwa heshima zote, akaniambia kipimo ni kwa kila theluji, hawajumlishi.

Halafu kuna tuta. Hapa ndipo naomba usome polepole kama unataka kununua nyumba. Lori la jiji likipita kusafisha barabara, linasukuma theluji pembeni, na pembeni ni mdomo wa njia yako. Linaacha tuta la urefu wa goti, na si theluji laini tena, ni mabonge yaliyochanganyika na chumvi na mchanga. Lisipoondolewa siku hiyo, usiku linakuwa saruji. Theluji kubwa ya msimu ule ilikuja Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024. Wale jamaa walifika mchana, wakasafisha vizuri, wakaenda zao. Lori la jiji likapita baada yao. Zamu yangu inaanza saa moja jioni. Nikapiga simu, nikaambiwa mkataba ni kuja mara moja kwa kila theluji. Kurudi kwa ajili ya tuta ni dola 35 zaidi, na foleni ni ya kesho. Nilichimba lile tuta nikiwa na sare ya kazi ndani ya koti, matawi ya kanisani bado yako kwenye kiti cha gari. Aprili theluji ilipoyeyuka nikakuta pia wamechuna ukingo wa majani, kipande cha urefu wa kitanda.

Basi Oktoba 2024 yule mzee jirani akatangaza anahamia Arizona kwa binti yake, na gereji yote anauza. Nikachukua Toro yake, Power Clear, ile nyekundu ya upana wa inchi 21, dola 350. Toro ni watu wa hapa, makao yao ni Bloomington, kusini kidogo ya Minneapolis, na wameanza kazi tangu 1914. Mzee alinifundisha kuiwasha kama anayemkabidhi mtu ng'ombe.

Ni mashine ya hatua moja: mapanga ya mpira yanagusa chini, yanazoa na kurusha kwa mkupuo mmoja kupitia bomba. Kwa kuwa yanagusa chini, yanabakiza sakafu karibu kavu, na yanasaidia kuvuta mashine mbele. Ndiyo maana pia haifai kwenye njia ya kokoto, labda kama unataka kumpiga jirani mawe. Stata yake ni ya umeme, unachomeka waya ukutani, unabonyeza. Baada ya zamu ya saa 12 sina mkono wa kuvuta kamba. Ni ndogo kiasi kwamba naigeuza peke yangu. Inchi 5 au 6 za theluji ya kawaida namaliza kwa dakika 20. Kwa beleshi ilikuwa saa moja na nusu pamoja na kunung'unika. Mara ya kwanza mama aliisikia kwenye simu akauliza kama nimefungua posho mill.

Mtihani wake ulikuwa dhoruba ya kuamkia 5 Machi 2025. Ilianza mvua, ikageuka theluji ya maji na upepo wa kung'oa vibanda. Kwenye theluji ya namna ile huwezi kwenda kwa mwendo wa kawaida. Nilikuwa namega nusu ya upana, taratibu, kama mtu anayekula ugali wa moto. Lakini ilirusha. Tuta nalo nililiwahi likiwa bichi, nikalilamba kutoka juu kwenda chini kwa awamu. Likiganda usiku kucha, usijidanganye, hii si mashine yake. Hapo ni beleshi la chuma au zile mashine kubwa za hatua mbili, mapanga yanazoa na feni ya pili inarusha, ambazo ni nzito na zinameza nusu ya gereji.

Kosa moja ni langu. Niliiacha na petroli ndani kiangazi chote. Petroli ya hapa ina ethanoli, ikikaa inaharibika na kuziba kabureta. Novemba ikagoma. Fundi akachukua dola 85 na kunitazama kwa huruma. Siku hizi msimu ukiisha naiacha iungurume mpaka ikauke.

Na bomba likiziba, zima injini, subiri kila kitu kisimame, tumia kijiti. Mkono hapana, hata kama unaona imelala. Kazini nimeshamfunga bendeji mzee wa vidole vitatu, na hakuvipoteza vitani.

Usirushe theluji barabarani, sheria ya jimbo inakataza. Kwenye chumvi pia jizuie: ya kawaida inachoka baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi za Selsiasi hivi, na kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua galoni 5 za maji. Siku za baridi kali mimi namwaga mchanga.

Mkataba una watu wake. Shemeji yangu amefanyiwa upasuaji wa goti, huyo namwambia alipe tu. Ila aulize kabla ya kutoa hela: mnakuja kwa inchi ngapi, mnajumlisha za siku mbili, na mnarudi lori la jiji likishapita? Wakijikunakuna kwenye swali la tatu, atafute wengine, ama alipe kwa kila safari, si kwa msimu.

Kwa wanaotaka mashine, nunueni Septemba au Oktoba, watu wakihama na kusafisha magereji. Mwambie muuzaji aiwashe ikiwa baridi kabisa. Ukifika ukakuta injini ina joto, jua ameihangaikia kabla hujaja.