Pontiac GTO: 2004 au 2005–2006?

Jina la GTO, lililoanza 1964, lilirudi Marekani 2004 kwenye gari la Australia: Holden Monaro iliyobandikwa nembo ya Pontiac. Mwili ni mmoja kwa miaka yote mitatu. Tofauti kubwa iko chini ya boneti.

Ya 2004 ina injini ya LS1 ya lita 5.7, nguvu za farasi 350, na aksileta ya kebo. Sensa za kusikia injini ikigonga zimezikwa chini ya manifoldi ya hewa; maji yakituama pale, zinapata kutu, na kuzibadilisha lazima manifoldi ing'olewe. Ya 2005 kuendelea ina injini ya LS2 ya lita 6.0, farasi 400, breki kubwa zaidi na eksozi inayotoka pande zote mbili. Sensa zimehamishiwa ubavuni mwa bloku, na fundi anazifikia bila kugusa manifoldi. Kwangu hilo ni muhimu kama zile farasi 50.

Ugonjwa wa mbele uko kwa zote. Piga tochi upande wa ndani wa tairi la mbele: mpira wa juu wa shokapu ukichoka, tairi linasugua shokapu na kuacha mstari unaong'aa. Tazama pia bushi zenye mafuta za vyuma vinavyoshikilia mkono wa chini wa sasipenshini. Zikivuja, usukani hutetemeka ukikanyaga breki.

Buti ni dogo kote, maana tangi lilihamishiwa humo.

Bei zikikaribiana, chukua LS2. Ya 2004 ichukue tu kama haina kutu na mipira na bushi hizo za mbele zimeshabadilishwa.