Come Back Mrs Noah: Angani Hakuna Anayebisha Hodi

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo ni kichekesho cha televisheni cha BBC kiitwacho Come Back Mrs Noah, chenye vipindi sita tu, ambacho kila wanapotajwa vinara wa vichekesho vibovu vya Uingereza hakikosi kutajwa. Sitawasimulia vituko vyake kimoja kimoja. Nataka tuingie jikoni tuone kilivyopikwa, kwa sababu wapishi wake walikuwa mafundi waliobobea.

Kiliandikwa na Jeremy Lloyd pamoja na David Croft, ambaye pia alikuwa mtayarishaji. Ndio hao hao walioandika Are You Being Served?, kichekesho cha duka kubwa la nguo kilichoanza mwaka 1972 na kupendwa mno. Humo walimchukua Mollie Sugden, aliyekuwa Bi Slocombe, wakamgeuza Bi Noah, mama wa nyumbani wa mwaka 2050 anayeshinda shindano la upishi na kuzawadiwa ziara ya kituo cha anga za juu, Britannia Seven, kisha kituo hicho kinafyatuka kwa bahati mbaya naye akiwa ndani. Croft alikuwa na mazoea ya kuwahamisha waigizaji wake kutoka kazi moja hadi nyingine. Ian Lavender alitoka Dad's Army, kilichofikia tamati tarehe 13 Novemba 1977, mwezi mmoja kamili kabla ya kipindi cha majaribio cha Bi Noah kurushwa hewani. Donald Hewlett na Michael Knowles walikuwa wakiigiza pamoja katika It Ain't Half Hot Mum. Kwa hiyo lawama tusiwatwike waigizaji.

Tazameni jinsi vichekesho vya BBC vya miaka ile vilivyotengenezwa. Waigizaji walifanya mazoezi kwa siku kadhaa katika jengo la BBC lililokuwa Acton, magharibi mwa London, ambako kuta na milango vilikuwa mistari ya utepe iliyobandikwa sakafuni. Baada ya hapo walihamia studio, na jioni moja kipindi kilirekodiwa kwa kamera kadhaa mbele ya hadhira iliyoketi ikizikabili seti zilizopangwa sambamba, mithili ya vyumba vilivyokatwa ukuta wa mbele. Utaratibu huo ni wa tamthilia ya jukwaani, na injini yake ni mlango. Katika lile duka la nguo, lifti inafunguka, mteja mpya anaingia na shida yake, wahudumu wanajipanga kwa vyeo, na Bi Slocombe anapata mtu wa kumdharau. Angani hakuna anayebisha hodi. Watu wale wale wanabaki wakitazamana mbele ya vitufe na taa, na kila mzaha hauna budi kutokana na mtambo ulioharibika, kitu ambacho hadhira ya studio inakiona waziwazi kuwa ni kifaa cha kuigizia. Mnawasikia wakicheka, lakini mimi huhisi kicheko cha wageni wenye adabu.

Wakati nao haukuwa rafiki. Kipindi cha majaribio kilirushwa tarehe 13 Desemba 1977, na wiki mbili baadaye, tarehe 27, filamu ya Star Wars ikaanza kuonyeshwa London. Vipindi vitano vilivyobaki vilirushwa Julai na Agosti 1978, ambapo mtazamaji wa kawaida alikwisha kuona vyombo vya anga vinavyoaminika. Seti ya studio ingeshindaje hapo?

Kitu kimoja kinanivutia kila mara, nacho ni Gorden Kaye, anayeigiza mtangazaji wa televisheni aliyebaki duniani akiripoti mkasa huo. Sehemu zake ni dhihaka ya vipindi vya habari vya jioni, hazihitaji mtambo wowote, na hapo ndipo kalamu za waandishi hawa zinapopumua. Mwaka 1982 walimrudia kwa 'Allo 'Allo!, wakampa mkahawa katika Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, mahali ambapo mlango haupumziki, na kichekesho hicho kikaendelea hadi 1992.

Kama mnataka kucheka tu, tafuteni kile cha duka la nguo. Kama mnaandika au kutayarisha vichekesho, tazameni kipindi cha majaribio cha Bi Noah huku mkihesabu ni mara ngapi mtu mpya anaingia chumbani. Ninakipa nyota mbili kati ya tano, na moja ni ya Gorden Kaye.