Uzoefu wangu: tiketi ya kuingia ndani ya Piramidi Kuu ya Giza, na kwa nini uanzie Saqqara na Dahshur

Tiketi ya kuingia ndani ya Piramidi Kuu inakatwa peke yake, mbali na kiingilio cha eneo lote la Giza, na ndiyo ya bei kubwa kuliko za piramidi nyingine. Naipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti moja: usianze na hiyo. Anayeingia kwa Khufu, mfalme mwenye Piramidi Kuu, bila kupita kwanza Saqqara na Dahshur, kwenye piramidi zilizotangulia, anakuta njia nyembamba, joto, na chumba kitupu chenye sanduku la jiwe, kisha anatoka akilalamika kwamba pesa zake zimeliwa. Ukipita huko kwanza, karibu kila kona ya njia ile utaijua: ni jibu la kosa lililotendeka mahali pengine miongo michache kabla.

Panga siku mbili. Siku ya kwanza kodi taksi ya kutwa kutoka Cairo, Saqqara asubuhi, Dahshur mchana. Siku ya pili ni ya Giza, na ufike mapema.

Saqqara. Kabla ya mfalme Djoser, wakubwa wa Misri walizikwa chini ya mastaba, jengo la matofali ya udongo lililo bapa kama kasha. Karibu mwaka 2650 KK Imhotep, msimamizi wa kazi za Djoser, alianza mastaba ya mawe, akaipanua, kisha akapandisha nyingine juu yake hadi zikafika ngazi sita, kimo cha mita 60 na ushee. Sogea karibu uyaangalie mawe yenyewe. Ni madogo. Mafundi wale mkononi walishika jiwe, kichwani bado walikuwa na tofali. Angalia pia mistari ya mawe inavyolalia ndani badala ya kukaa sawa kama maji. Hesabu yao ilikuwa kwamba ukuta ukiegemea katikati hauwezi kufunguka kwa nje. Hilo ulikumbuke, maana Dahshur ndilo lililowaponza.

Dahshur ndiko ningekaa muda mrefu kuliko kote. Kiingilio chake kinakuruhusu kuingia ndani bila tiketi ya pili, na watu ni wachache. Huko Sneferu, baba yake Khufu, alijenga piramidi ambayo sehemu ya chini inapanda kwa nyuzi 54, halafu inavunjika ghafla na kumalizikia kwa nyuzi 43. Ndiyo maana inaitwa Piramidi Iliyopinda. Sababu iko chini ya miguu: haikukaa juu ya mwamba mgumu bali juu ya changarawe na udongo. Uzito ulipozidi ardhi ikatitia, na vyumba vya ndani vikaanza kupasuka. Yale mawe yaliyolalia ndani nayo yakaongeza balaa, kwa kuwa kila tabaka lilisukuma mzigo wake kuelekea katikati, kulekule kwenye vyumba. Mafundi walifanya ambacho fundi yeyote angefanya jengo likiwa tayari limesimama. Waliziba nyufa kwa jasi, wakakingamisha magogo ya mierezi kati ya kuta za chumba cha juu zisikaribiane, wakapunguza mwinuko ili kupunguza mzigo, na sehemu ya juu wakayalaza mawe mlalo.

Umbali mfupi kaskazini iko Piramidi Nyekundu, ya mfalme huyohuyo. Hii imejengwa kwa nyuzi 43 tangu jiwe la kwanza, mawe yote mlalo, kitako cha mita 220 kila upande, kimo kama mita 105. Ni ya kwanza yenye pande laini kukamilika bila kuharibika. Ndani naisifu kuliko hata ya Khufu. Unapanda ngazi za nje mita 28 hivi hadi mlangoni, kisha unateremka ushoroba wa zaidi ya mita 60 ambao kimo chake hakifiki hata mita moja. Shuka kinyumenyume ukishika vyuma. Anayeshuka uso mbele mapaja yatamuuma siku tatu. Chini kuna harufu kali ya amonia, lakini inua macho utazame dari: kila mstari wa mawe umetokeza kidogo kuliko ulio chini yake, kutoka pande mbili, hadi zimekutana juu kabisa, kama mita 12 kutoka sakafuni. Mzigo unashuka kupitia kuta badala ya kukaa juu ya chumba. Miaka kama 4,600 imepita na dari hiyo ipo.

Sasa ndipo uende Giza.

Piramidi ya Khufu ilikusudiwa kuwa na kitako cha dhiraa 440 na kimo cha dhiraa 280. Dhiraa ya kifalme ni kama sentimita 52.4, kwa hiyo ni mita 230 kwa 146.6, leo imebaki mita 138 na nusu kwa kuwa kilele na mawe ya nje viliondolewa. Hawakupima nyuzi kama sisi. Dhiraa ilikuwa na viganja saba, na kanuni ilikuwa kwamba kwa kila dhiraa moja ya kupanda, ukuta urudi ndani viganja vitano na nusu. Mwenye kijiti chenye alama na timazi anaweza kuikagua kanuni hiyo kwenye kila jiwe la nje, na hapo ndipo kazi ilikuwa ya kuogopwa, maana upande mmoja ukikosea kidogo chini, pande nne hazikutani juu. Safari hii walichagua mwamba. Hawakuusawazisha wote, kilima cha mwamba wakakiacha katikati kama sehemu ya jengo, wakasawazisha ukanda wa kuzunguka tu. Tofauti ya kimo pembeni mwa kitako ni kama sentimita mbili. Pande nazo zimeelekea kaskazini halisi kwa kasoro isiyofika sehemu ya kumi ya nyuzi moja.

Wageni hawapiti mlango wa asili. Unaingia kwa handaki lililotobolewa baadaye, ambalo mapokeo yanasema ni kazi ya Khalifa al-Ma'mun katika karne ya 9. Linapokutana na njia ya kupanda, simama kidogo. Pale kuna vizibo vya matale (graniti) vilivyoteremshwa kuifunga njia baada ya maziko. Waliotoboa handaki waliona ni rahisi kuvizunguka kwenye chokaa laini kuliko kuvivunja. Halafu unainama mita 39 kwenye njia ya kimo cha mita 1.2, mbao zenye vipingo chini ya miguu, watu wanapanda na kushuka njia hiyohiyo. Hapa ndipo nyota moja ilipopotea. Saa za msongamano unakaa umejikunja, jasho linatiririka, ukingoja wanaoshuka wapite.

Ghafla unasimama wima kwenye Ushoroba Mkuu: urefu mita 47, kimo mita 8.6, kuta zinazokaribiana kwa hatua saba. Ni dari ileile ya Dahshur, ila imelazwa kwenye mteremko. Kwenye mteremko mabapa ya juu yangeweza kusukumana yote kulikandamiza la chini kabisa, kwa hiyo kila bapa limekalishwa kwenye pengo lake, mfano wa meno ya msumeno, na linabeba uzito wake lenyewe.

Chumba cha Mfalme ni dhiraa 20 kwa 10, matale matupu kutoka Aswan, zaidi ya kilomita 800 kusini. Dari ni ya mihimili tisa, mikubwa yake ikikadiriwa tani 50 hadi 80. Hapa waliacha dari ya kukaribiana wakaweka bapa, na juu yake wakapanga nafasi tano tupu, ya mwisho ikiwa na mawe yaliyoegemezwa kama paa la nyumba. Pamoja na hayo yote, mihimili imepasuka upande wa kusini. Tazama vizuri utaona mistari ya nyufa. Nyingine zilipakwa jasi na wajenzi wenyewe, kumaanisha walijua. Jeneza la jiwe lina upana unaoizidi kidogo njia ya kupanda, kwa hiyo liliwekwa kabla dari haijafungwa. Lichunguze kwa nje utafute alama za msumeno: fundi aliukata mstari ukaenda kombo, akautoa, akaanza upya. Msumeno ulikuwa wa shaba, na kilichokata hasa ni mchanga uliomwagwa chini yake. Ukutani hakuna picha wala andishi. Majina yaliyopo ni ya rangi nyekundu kwenye zile nafasi za juu ambazo wageni hawafiki, majina ya vikosi vya kazi yenye jina la Khufu ndani yake.

Mawe ni kama 2,300,000, wastani wa tani mbili na nusu. Yagawe kwa miaka 20, siku zote za mwaka, saa kumi kwa siku: ni jiwe moja kila dakika mbili. Hesabu hiyo huwatisha watu wakakimbilia habari za majitu na viumbe wa angani, lakini umbo lenyewe linapunguza kazi. Asilimia 70 ya ujazo wa piramidi iko kwenye theluthi ya chini ya kimo. Mawe mengi hayakupandishwa juu sana, na mengi yalichimbwa palepale, mita mia chache kusini. Tuta moja la kunyooka hadi kileleni kwa mwinuko wa moja kwa kumi lingehitaji karibu kilomita moja na nusu, nalo kwa udongo wake lingekuwa jengo la pili. Ninachokiona kinaingia akilini ni tuta fupi kutoka machimboni kwa sehemu ya chini, kisha njia nyembamba zinazoegemea jengo lenyewe. Huko Hatnub, kwenye machimbo ya alabasta ya wakati wa Khufu, tuta kali lilipatikana mwaka 2018 lenye ngazi pande mbili na mashimo ya nguzo, ambazo kamba zingeweza kuzungushwa watu wavute wakiwa juu na chini ya mzigo. Mzigo ulikaa juu ya sleji ya mbao, si magurudumu, na mbele yake mtu alimwaga maji: mchanga ukiloa kwa kiasi, nguvu ya kuvuta inapungua karibu nusu. Maji yakizidi unakuwa tope na sleji inazama.

Jambo moja litawagusa mafundi wa pwani yetu. Mawe yameunganishwa kwa jasi, si kwa chokaa iliyochomwa. Anayejua tanuu la chokaa anajua kuni zinavyoteketea kufikia joto la nyuzi 900 hivi; jasi inaiva chini ya nyuzi 200, na Misri kuni ni za shida. Jasi ikiwa bado mbichi ililainisha pia njia ya jiwe kuteleza mahali pake. Mawe ya nje yaliyobaki chini ya piramidi yana viungo vya wastani wa nusu milimita, kwa vipimo vya mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie vya miaka ya 1880.

Mwongoza watalii niliyempata alirudia kwamba hii ni kazi ya watumwa waliopigwa mijeledi. Mwulize kuhusu makaburi ya wafanyakazi yaliyogunduliwa mwaka 1990 juu ya kilima kusini mwa piramidi. Mtumwa wa kutupwa hazikwi karibu na mfalme wake akiwa na bia na mkate kaburini. Mifupa ina mivunjiko iliyoungwa ikapona, na mji wao jirani una viwanda vya mikate na mifupa tele ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Hawakuwa huru kukataa, wito wa mfalme ulikuwa wito, lakini walilishwa na kutibiwa. Ushahidi mzito zaidi ni mafunjo yaliyopatikana mwaka 2013 huko Wadi al-Jarf, ufukweni mwa Bahari ya Shamu: shajara ya Merer, mkuu wa kikosi cha watu kama 40, aliyesafirisha mawe meupe kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza mwishoni mwa utawala wa Khufu, safari mbili au tatu kila siku kumi. Maji ya mafuriko ya mto Nile, ambayo mengi hutoka nyanda za juu za Ethiopia, yaliwafikisha karibu na kazi.

Kwa nini haya yote? Jibu halipo Giza, ndiyo sababu nyingine ya kupita Saqqara. Katika piramidi ya mfalme Unas, ya karibu mwaka 2350 KK, kuta zimejaa maandishi na dari imejaa nyota. Maneno yale yanampandisha mfalme mbinguni kwa Ra, mungu wa jua, na kumweka kati ya nyota za kaskazini zisizozama, zile ambazo njia za piramidi za zamani zilielekezwa kwazo. Ukikuta ya Unas imefungwa, ya Teti ina maandishi ya aina hiyo. Kwa nje Unas ni rundo la kifusi, kwa kuwa wafalme wa baadaye walijaza ndani mawe madogo, na ganda la nje lilipoibwa jengo likamwagika. Kaburi lenyewe ni sehemu tu ya mpango: palikuwa na hekalu bondeni, barabara ya mawe, hekalu la sadaka, na mashamba ya kuwalisha makuhani waliompelekea mfalme chakula kila siku.

Kwa vitendo: vaa suruali na viatu visivyoteleza, mizigo iache hotelini, na mwenye pumu, presha au goti bovu asiingie kwa Khufu, abaki nje. Piramidi za Khafre na Menkaure, zile nyingine mbili kubwa za Giza, hupokezana kufungwa, ulizia dirishani. Ya ngamia patana bei kabla hujapanda, na bei ya kushuka pia. Mashua ya mierezi ya Khufu, mita 43, haipo tena kando ya piramidi. Tangu 2021 iko Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, karibu tu.

Ukitoka ndani, kabla hujaondoka, zunguka hadi kona ya kaskazini-magharibi ya piramidi ya Khafre. Haihitaji tiketi nyingine na wengi hupita bila kugeuza shingo. Kwenye mwamba utaona miraba mikubwa iliyotenganishwa na mifereji; ni mawe yaliyokatwa pande nne yakachukuliwa, vitako vimebaki. Ingia kwenye mfereji mmoja: upana wake unatosha mabega ya mtu mmoja anayechonga.