Gari-nyumba au trela ya kulala ya kuvuta kwa milima ya magharibi ya Marekani?
Mwenye pikapu yenye nguvu tayari atapata nafuu kwa trela, kwani injini ya kuhudumia ni moja tu. Asiye nayo, kwa safari ya wiki mbili, akodi gari-nyumba. Ila asome mkataba, maana maili za ziada mara nyingi hutozwa.

Mlimani ndipo mambo huwa mazito. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000 unazopanda, hivyo kwenye handaki la Eisenhower Tunnel, Colorado, zaidi ya futi 11,000, theluthi imekwenda. Hapo wote wawili ni konokono. Kushuka Teton Pass, njia ya mlimani Wyoming yenye mteremko wa asilimia 10, weka gia ndogo na ukanyage breki kwa vipindi. Ukiikandamiza muda wote itachemka na kuacha kushika. Trela ina breki zake, lakini ikipakiwa nyuma huyumba: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ikae kwenye ndoano inayoiunganisha na pikapu.

Hifadhi ya Glacier, Montana, trela hushinda wazi. Sehemu ya juu ya Going-to-the-Sun Road, barabara inayokatiza hifadhi hiyo, hairuhusu gari linalozidi futi 21. Unaacha trela kambini, unapanda na pikapu (ipime kwanza, nyingine ni ndefu mno). Mwenye gari-nyumba kubwa hupanda basi la hifadhi.

Lakini kama unalala mahali papya kila usiku, na watoto wamechoka, gari-nyumba halina kufungua ndoano wala kusawazisha trela gizani. Ukikaa kambi moja siku nne, kazi hiyo unaifanya mara moja tu.